Kadi ya Kula

Kuna Jumamosi moja ya ujana wangu inayoniuma hadi leo, mwanangu, na utaisikia hata kama hupendi. Keti.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa kambi ya polisi, na pale kambini nilijiona bingwa wa kupima kadi za mchezo. Ipi inafaa mashindano, ipi ni ya kubandika ukutani tu, waliulizwa wengine? Niliulizwa mimi. Rafiki yangu Apio alikuwa ameingia fainali kwenye duka moja la kadi mtaani Kabalagala, na mshindi angepelekwa Nairobi. Apio hakuwa amewahi kuvuka mpaka wowote. Akaniambia, "Nipangie kadi wewe, dada. Wewe ndiye unayezijua."

Kadi zenyewe ziliandikwa Kijapani, nani angezisoma? Tulitegemea maelezo ya mwenye duka, Muganda mmoja mpole tuliyemwita Ssalongo kwa kuwa ni baba wa mapacha. Nikamwonyesha kadi yenye simba mwekundu. Akasema, "Hiyo ni kadi ya kula."

Kula! Kwetu wachezaji, kadi inayokula ni ile inayoiondoa ya mpinzani mezani. Sikungoja neno la pili. Nikatoa kadi nne za Apio, zile za kijivu zisizo na sura, zilizomruhusu kuvuta kadi mbili kwa mpigo, nikatia simba wanne.

Wee! Siku ya tatu, hiyo Jumamosi, fainali ikaanza, Apio akamweka simba, mwamuzi akampa dadu. Dadu! Kumbe simba hafanyi lolote mpaka upate sita. Ilikuwa kadi ya kura, ya kubahatisha, ila ulimi wa Ssalongo uligeuza r kuwa l. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka Waganda kila uchaguzi wakisema wanakwenda kupiga kula! Apio akarusha, tatu. Akarusha tena, moja. Kadi zikamwishia mkononi, safari ikaota mbawa.

Nikamvamia Ssalongo kwa makelele. "Ulisema kula!"

"Ndiyo, nilisema," akajibu, naye kakasirika. "Wewe binti, siku tatu umekaa nayo. Uliicheza hata mara moja? Uliniuliza inakula nini, inakula lini?"

Nikageuka. Apio alikuwa akikusanya kadi zake polepole huku machozi yanamtoka. Hakunilaumu. Afadhali angenizaba kofi.

Ndiyo maana juzi nilipokusikia ukimwambia mdogo wako, "Kadi zako takataka," damu ilinichemka. Nani kakuambia? Ati mtu fulani kwenye simu kazipa alama mbili kati ya kumi! Wewe umezicheza? Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kadi usiipime kwa picha, wala kwa sifa za watu. Uliza kuitoa kunakugharimu nini, inasaidiana na zipi, na siku unashindwa itakufaa nini. Kisha icheze. Ikikuangusha, ikuangushe wewe nyumbani, si mwenzako aliyekuamini mbele za watu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujifanya unajua, halafu mwingine ndiye anayelia.

Haya, inuka. Mungu akupe subira ya kujaribu kabla ya kusema, akujalie marafiki wa kukuamini, na siku watakapokukabidhi kadi zao, akutie hofu.