Shingo Wazi Karakanani

Tarehe 9 Machi mwaka huu, saa mbili na dakika tano asubuhi, mkufunzi wa usalama alimtoa mwalimu wa useremala nje ya karakana ya shule kwa sababu ya tai. Ndivyo anavyoanza mafunzo yake: anampa kila mwalimu mkono huku akimhesabu vidole, kisha macho yanapanda shingoni. Sauti yake ni ya chini hata mashine zikinguruma. Ukitaka kumsikia, zima. Hagusi mashine kabla hajaonyesha kwa kidole mahali pa kuizimia. "Mwalimu, mashine haijui kama umevaa kwa heshima," alimwambia huyo wa useremala, ambaye alishafeli mafunzo hayo mara mbili. Angefeli tena, karakana hiyo yake ingebaki imefungwa kwa wanafunzi muhula mzima.

"Mama, nina miaka ishirini karakanani na vidole vyote kumi."

"Hongera. Tai ivue."

Ijumaa, siku ya mtihani, mkufunzi aliinama juu ya mashine ya kutoboa mbao iliyokuwa ikizunguka, na kitambulisho chake kikaning'inia kwa kamba kutoka shingoni. Mwalimu wa useremala hakungoja swali. Alibonyeza kitufe chekundu, karakana ikanyamaza. "Mama, shingo!" Wenzake wakaangua kicheko, na mkufunzi akacheka hadi miwani ikamteleza puani. Alivua kitambulisho, akatoka nje, akabisha hodi upya kama mwanafunzi aliyechelewa, kisha akatia saini cheti cha mwalimu huyo. Jumatatu karakana ya mwalimu inafunguliwa kwa wanafunzi.