Sababu ya Shangazi Kurudi

Shangazi yangu hajui kusamehe, na sijawahi kumsikia akijisifu wala kujuta kwa hilo. Ukimkosea leo, miaka mitano baadaye atakukumbusha ulichosema, mlikuwa mmekaa wapi na wewe ulivaa shati gani. Marehemu baba yangu, kaka yake, alikufa hajasamehewa redio aliyoiangusha mwaka niliozaliwa.

Kazi yake ni picha za pasipoti na fotokopi. Ana chumba kimoja chini ya ghorofa lililo jirani na ofisi za uhamiaji: pazia jeupe, kiti cha plastiki, kamera, na mashine ya fotokopi inayokohoa kila ikiwashwa. Kwa miaka ishirini amewaambia watu, "Tazama hapa. Usicheke." Wao wanapanda ndege, yeye anafagia vipande vya karatasi.

Ana mtoto mmoja tu, binti aliyeolewa ng'ambo. Mimba mbili zilimtoka. Ya tatu ilipofika mwezi wa sita alipiga simu: "Mama, njoo. Mume wangu yuko barabarani na lori wiki nzima. Safari hii siwezi peke yangu."

Hatua kumi kutoka kwa shangazi palikuwa na mlango wenye kibao cha Ushauri wa Viza. Mwenyewe tulimwita Msomi, kwa ajili ya tai yake na vitabu vinene vya sheria ambavyo sikuwahi kuona akivifungua. Shangazi hakumuuliza leseni. Utaanzaje kumuuliza leseni jirani mnayesalimiana kila asubuhi na kuazimana stapla? Alimpa karatasi zake, akasaini kila alipoonyeshwa kidole.

Jibu lilikuja: amenyimwa viza, na amepigwa marufuku kuomba kwa miaka kumi kwa kuwasilisha barua ya benki ya kughushi. Shangazi alikuwa na miaka sitini na moja. Benki yenyewe hajawahi kuingia hata kujikinga mvua.

Akamfuata Msomi. Yule bwana hakuinuka hata kitini.

"Mama, sahihi ni ya nani? Si yako?"

"Ni yangu. Barua ni ya nani?"

"Hayo yameshapita. Tujaribu nchi jirani yao, tuseme hujawahi kunyimwa."

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji, mama yake akalala hospitali siku nne bila mtu wa kumshikia kikombe cha maji. Shangazi alimwona mjukuu kwenye simu, picha ikikatika-katika. Alipoizima aliniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Nitakula naye sahani moja." Hapo nikamwonea huruma Msomi, siku hiyo tu.

Safari hii alitafuta wakili kwa macho makavu. Tulikwenda chama cha mawakili, tukaomba orodha ya wenye leseni wanaoshughulikia uhamiaji. Wa kwanza hakupatikana mara tatu. Wa pili, karani wake alituhakikishia viza ndani ya wiki mbili, shangazi akachukua mkoba wake. "Anayeahidi viza ni mpiga ramli," alisema tukishuka ngazi, kwa sauti ya kusikika hadi juu. Wa tatu alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi, ofisi ndogo ghorofa ya tatu, na aliweka leseni yake mezani kabla hatujaiomba.

"Naweza kuomba tena?" shangazi akauliza.

"Kwanza marufuku iondolewe. Tuthibitishe kwamba hukujua habari za ile barua."

"Na nikiomba, niseme niliwahi kunyimwa?"

"Kila fomu, kila nchi, hata baada ya miaka ishirini. Ukificha, unajifungia mlango mwenyewe."

"Makosa ya aliyenijazia ni yangu?"

"Ukishasaini ni yako, mama. Pole."

Shangazi aliuma mdomo. Wakili akaendelea taratibu: "Lipo jambo jingine. Wakikufungulia, watauliza kitu gani kitakurudisha nyumbani. Una mume?"

"Alifariki."

"Nyumba? Shamba?"

"Nimepanga."

"Mtoto mwingine hapa?"

"Ni huyo mmoja."

Wakili aliandika kwenye daftari lake.

Kilichommaliza Msomi ni uvivu na dharau. Baada ya yote yale, bado aliwatuma wateja wake wakatoe nakala kwa shangazi, kwa sababu palikuwa karibu. Asubuhi moja aliingia muuguzi na faili lake. Shangazi alipoweka karatasi ya tatu kwenye kioo cha mashine, mkono ukasimama. Ilikuwa barua ya benki ileile aliyoonyeshwa na wakili, meneja yuleyule, salio lilelile hadi senti ya mwisho, muhuri umeinama vilevile. Jina tu ndilo lilibadilishwa.

"Dada, hii barua umeiona?"

"Barua gani?" muuguzi akauliza, akaisoma, akakaa kwenye kiti cha picha bila kukaribishwa.

Wiki tatu zilileta wengine watatu: fundi wa magari, mwalimu na mjane mmoja. Bahati yao karatasi zilikuwa hazijapelekwa popote. Wote wanne walikubali kwenda polisi pamoja na shangazi, wakili akiwaongoza. Siku hizo zote nilikuwa nikimsaidia kukata picha, na kila asubuhi nilisikia, "Hujambo, Msomi?" "Sijambo, mama. Biashara?" "Inakwenda, mwanangu." Tabasamu lile liliniogopesha.

Polisi walimchukua Msomi Jumatatu saa nne, mbele ya benchi lililojaa wateja. Alipopita mlangoni kwetu akasita.

"Mama, kwa nini hukuniambia tukayamaliza wenyewe?"

Shangazi aliinua kamera. "Tazama hapa. Usicheke." Akampiga picha, pingu na tai.

Baadaye mke wa Msomi alikuja kuomba yaishe. Alilia mpaka nami machozi yakanitoka. Shangazi alimpa maji, akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia hapana. Niliona vibaya, nikamwambia hivyo. Akaniambia nikate picha.

Marufuku iliondolewa baada ya miezi tisa. Fomu mpya aliijaza kwa mkono wake, na palipouliza kama amewahi kunyimwa viza akaandika ndiyo, kwa herufi kubwa. Siku ya mahojiano, kijana wa nyuma ya kioo alipekua faili.

"Mama, mwanao yuko kule, mjukuu yuko kule. Hapa una nini cha kukurudisha?"

Shangazi alisukuma karatasi chini ya kioo. Ilikuwa hati ya wito wa mahakama.

"Nina kesi. Mimi ndiye shahidi wa kwanza. Nisiporudi, ataachiwa."

Kijana akaisoma mara mbili. "Na wewe hutaki aachiwe."

"Kufa kupona," shangazi akasema.

Akapewa viza ya miezi mitatu.

Alirudi baada ya wiki saba. Nilimkuta Alhamisi kwenye korido ya mahakama, macho mekundu, ushungi wake una doa la uji begani. Alinisimulia bila kuniangalia. Binti yake alimsihi hadi kwenye mlango wa uwanja wa ndege, mtoto kamng'ang'ania shingoni.

"Mama, viza yako ina wiki tano bado. Huyu ndiyo kwanza amekuzoea."

"Kesi ni Alhamisi. Yule mtu alininyima kumpokea mjukuu wangu."

"Na leo anayekunyima ni nani?"

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nilimbandua mtoto shingoni, nikampa mama yake," akasema. "Alilia, nikawa namsikia mpaka kwenye ukaguzi wa mizigo."

Karani akafungua mlango na kuita shahidi wa kwanza. Shangazi akajifuta uso, akaingia.