Nilivyomchagua Burugumesitiri Nikitoka Chooni

Nianze na aibu yenyewe, iishe: kura yangu kubwa kuliko zote nilipiga nikitoka chooni, suruali nimeifunga nusu.

Vita ilikuwa bado kaskazini. Burugumesitiri wetu, mkuu wa komini, alikuwa ameondolewa, wajumbe wa mitaa tukaitwa kuchagua mwingine. Mimi niliacha shule darasa la tano. Majirani walinifanya mjumbe kwa sababu nawachekesha.

Karatasi hakuna. Wagombea wanasimama uwanjani, unajipanga nyuma ya mtu wako, wanahesabu vichwa. Mgombea wa chama kikubwa alitunywesha urwagwa tangu asubuhi, basi sote tukawa nyuma yake, mpaka barabarani. Nyuma ya mwalimu wa upinzani walikuwa watu sita, wanatazama viatu.

Ile pombe ya ndizi ikanibana. Nikakimbia chooni, nikarudi macho mazito, nikajitia kwenye mstari wa karibu. Ulikuwa wa mwalimu. Kabla sijajua, rafiki yangu fundi cherehani akapiga kelele kutoka ule mrefu: "Sha! Kama huyu mwoga amehama, mimi naogopa nini?" Akaja nyuma yangu. Nikageuka nirudi, nikakuta nyuma yake wanakuja kumi, ishirini. Ningepita wapi?

Mwalimu akashinda. Jioni redio ikataja komini yetu. Wiki ile mawaziri walitukanana hewani. Chama cha mwalimu kikapasuka vipande viwili, kila kipande kinasema ushindi ni wake. Chama kikubwa kikasema hakuna kuchagua tena popote mpaka vita iishe. Na kweli, hatukuchagua tena.

Halafu vijana wa chama kikubwa wakaja kwa fundi na marungu. Walivunja cherehani, wakamwambia siku nyingine watakuja kwa ajili ya watoto. Kwangu hawakuingia. Nilikuwa mlangoni nimeshavaa kofia ya chama chao, nawapungia mkono.

Kesho yake nilimkuta fundi anafunga magodoro.

"Unaenda wapi?"

"Gahanga, kwa wakwe."

"Huko hakuna vijana wa kofia?"

"Wako. Ila hawajanijua bado."

Nikamwambia ukweli wote, kwamba sikuhama kwa ushujaa, nilipotea tu. Nilijua atacheka. Kuchekesha ndiyo kazi yangu.

Akavuta kamba, akakaza fundo.

"Bon," akasema. "Mama watoto usimwambie. Yeye iko anafikiri tulichagua."