Konokono wa Avenyu Yetu

Ukitaka kujua namna ya kuharibu kazi ya kisayansi bila kugusa mashine, njoo uniulize. Mimi ni fundi wa maabara hapa Goma. Kazi yangu ni kusaga nyama ya konokono wa ziwani, kutoa DNA yake, na kuiuliza mashine maswali mawili: huyu ni wa ukoo gani, na je, amebeba kichocho? Kwa macho huwezi kujua. Konokono mbaya na konokono mpole hufanana kama sahani za seti moja, na gamba halina kitambulisho.

Kwangu mimi maswali hayo hayakuwa ya vitabuni. Dada yangu mkubwa hufulia watu nguo ziwani, na binti yake wa miaka minane hushinda naye majini. Mtoto alikuwa ameanza kuvimba tumbo, na choo chake kilikuwa na damu. Alipewa dawa, akapona, akarudi majini, akaugua tena. Mradi wetu ulipoahidi bomba la maji kwa ufuko utakaothibitika kuwa na konokono wa kichocho, nilipigana hadi ufuko wetu ukaingia kwenye orodha. Nilikuwa na furaha isiyomfaa mtu anayetafuta ugonjwa.

Sasa, huku kwetu huingii kwenye avenyu ya watu na ndoo na nyavu bila kumwona shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa. Ni adabu. Nami, mtu wa adabu, nilikwenda Alhamisi kumwambia kwamba Jumatatu wageni watakuja kutazama konokono. Alinishukuru sana. Akauliza kama watavaa makoti meupe. Nikasema ndiyo. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Jumamosi ni siku ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Mimi nilikuwa zamu maabara, nikipanga vichupa vyangu vya pombe kali ya kuhifadhia konokono. Wao waliiacha mifereji na takataka zake, avenyu nzima ikateremka ziwani. Waling'oa majani yote ya majini, wakasugua mawe kwa mifagio, wakaokota konokono mmoja mmoja. Mgeni aje akukute na konokono? Aibu hiyo angeibeba nani? Dada yangu, aliyelihitaji bomba kuliko wote, alisugua kuliko wote.

Jumatatu tulifika na makoti yetu. Ufuko uling'aa. Shefu alitupokea akiwa amevaa tai.

"Muangalie muzuri, badokta," alisema. "Hapa kwetu hakuna buchafu. Tuko batu ya propre."

Tulitafuta asubuhi nzima tukapata konokono wanne. Mashine, ambayo haijui adabu, ilisema wote wanne ni wapole.

Kesho yake tulikwenda ufuko wa avenyu jirani, nyuma ya mwamba mmoja tu. Shefu wa huko alikuwa amesafiri hadi mji wa Kiwanja kununua maharage, kwa hiyo hakuna aliyesafisha chochote. Konokono walikuwa wamelundikana juu ya wenzao hadi mwenzangu akasema hajawahi kuona baraka kama hiyo. Mashine ikajibu: ukoo wenyewe, na kichocho ndani. Bomba likaenda kwao. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga; hawakusema mwenyeji yupi.

Niliposhuka ziwani kumpa dada habari hiyo, nilimgombeza mbele ya wenzake, ingawa nilijua vizuri ni nani aliyepeleka mdomo wake kwa shefu. Niliona haya, na nilipoona haya niliongeza sauti.

"Bale konokono bote mulibapeleka wapi?"

Dada aliendelea kukamua shuka la watu. Aliyenijibu ni binti yake.

"Mama mudogo, ni miye nilibatupa kule nyuma ya mwamba. Ndoo mbili. Shefu alisema niko mutoto wa mufano." Akanitazama usoni, akaona kitu. "Nilikosa?"

Nilimwambia hapana, hakukosa. Alikuwa amesimama majini hadi magotini aliponiuliza, na sikuweza kumwambia atoke, kwa sababu maji mengine hatuna.