Hoteli ya Mlango Mmoja

Kuna Ijumaa moja, mwanangu, ambayo sijaisahau hadi leo. Wewe umefika Riyadh juzi, na umenipigia simu kuniuliza wapi utakula ushibe bila mshahara kuisha. Nitakwambia. Lakini nisikilize kwanza, maana jibu hilo niliwahi kulitoa mbiombio, likamwumiza mtu.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Hii hoteli yangu ya chakula hapa Jeddah sikuipata kwa cheti. Niliipata kwa mikono hii, na kwa kujua watu wanataka kula nini. Kabla ya hapo nilikuwa kijana, dereva wa bosi mmoja Riyadh, na watu wa pwani walinijua kwa jambo moja: hakuna aliyenishinda kwa kujua chakula kizuri cha bei nafuu. Nilijua Myemeni gani anaongeza wali bure na nani anauza kuku wa jana. Nilijivuna, sikufichi.

Rehema, binti wa mama yangu mdogo, alikuwa akifanya kazi za nyumbani kule mtaa wa Sulimaniyah, Riyadh hiyohiyo. Miezi mitano hakutoka nje ya geti. Ijumaa hiyo madam wake akampa ruhusa ya kwanza, kutoka adhuhuri hadi magharibi. Akanipigia simu, akaniambia anataka jambo moja tu: akae mezani kama mtu, aletewe sahani, na asiwe yeye wa kuiosha.

Nikamwelekeza kwenye hoteli niliyoizoea mtaa wa Manfuha. Mimi nilikuwa nampeleka bosi uwanja wa ndege, nikamwambia atangulie, nitamkuta.

Enzi hizo hoteli za huku zilikuwa na mlango wa wanaume na mlango wa familia. Hoteli zetu sisi makabwela zilikuwa na mlango mmoja, wa wanaume. Rehema alipofika, mhudumu alimpungia mkono, mafi, mafi, yaani hakuna, hapa wanaume tu. Akamfungia wali kwenye mfuko, akamwonyesha barabara. Akakae wapi? Alisimama ukutani juani, wanaume wakimkodolea macho, mfuko ukimchoma vidole. Alinipigia, lakini simu nilikuwa nimeizima kwa kuwa bosi hakupenda ilie garini. Mwishowe akasimamisha teksi, akarudi kazini alasiri haijaingia, wali haujafunguliwa.

Madam akamtazama, akasema, "Kumbe huna pa kwenda."

Halas, ikawa ndiyo basi. Ruhusa ya pili aliipata baada ya miezi tisa.

Nami, badala ya kuona haya, nikaenda kulalamika kwa Bi Zuhura, bibi wa Kiunguja aliyekulia mtaa wa Malaz tangu wazazi wake walipohamia huku. Kila Ijumaa alipika, na wanawake wa kwetu wenye ruhusa walikula kwake. Nikamwambia Rehema ni mzito, angetafuta hoteli nyingine. Bibi alikuwa akichagua mchele, hakuinua kichwa.

"Umekula pale miaka mingapi?"

"Mitatu, bibi."

"Umewahi kumwona mwanamke amekaa?"

Miaka mitatu, mwanangu, na sikuwa nimeona kwamba hawapo.

"Basi wewe unajua bei tu," akasema. "Na sufuria yangu hukuikumbuka kwa kuwa haina kibao mlangoni? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kamwombe radhi, tena usitie lakini."

Nilimwomba kwa simu. "Nimekusamehe, kaka," akasema. "Ule wali niliula jikoni, nimesimama. Sahani nikaiosha mwenyewe."

Majuto ni mjukuu. Wangu huyo bado ninaye.

Sasa swali lako. Hoteli yenye mataa na picha za chakula ukutani, ipite. Toka adhuhuri, baada ya swala, uangalie madereva wa teksi na mafundi wanaingia wapi, wao hawana pesa ya kukosea. Sufuria inayoisha mapema haina kiporo. Kusanyikeni watatu, agizeni sinia moja, wali wa kuongezwa haulipiwi. Hayo hata mjinga huyajua kwa mwezi mmoja. Lakini siku ya kumwelekeza mwenzako, usianze na bei. Uliza anayekwenda ni nani, atakaa wapi, atarudije. Sheria siku hizi imelegea, ile milango miwili imekuwa mmoja, ila macho ya watu bado ni yaleyale. Na pahali ambapo hujapaangalia kwa ajili yake, usimtume.

Hapa kwangu kuna meza moja ndani kabisa, chini ya feni. Mwanamume haikalii hata foleni ikifika barabarani, na nimepoteza wateja kwa ajili yake. Rehema aliikalia mara moja, alipokuja umra kabla ya kurudi nyumbani moja kwa moja. Sahani yake niliiosha mimi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe riziki ya halali, na akupe pa kukaa uile.