Virtual interface kwenye log za access point ilivyotaka kumponza dada wa mapokezi

Wakuu, heshima kwenu.

Hiki ni kisa changu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Chumvi sijaweka, maana kilivyo tu kinatosha.

Mimi ni fundi wa network hapa Dodoma. Nafunga Wi-Fi kwenye lodge, hosteli na ofisi ndogo ndogo.

Kuna lodge moja iko Mkonze. Mwenyewe ni mzee mmoja mstaafu, mtu wa kanisani, anapenda mambo yanyooke. Nilimfungia access point, vile vifaa vya kurusha Wi-Fi, kila korido, na app ya kusimamia nikamwekea kwenye simu yake kwa sababu aling'ang'ania.

(Wakuu, mteja akiwa na app mkononi usingizi wako umeisha. Mtanikumbuka.)

Basi asubuhi moja akanipigia.

"Kijana, njoo. Internet imekuwa nzito, wageni wa semina wananitukana. Kuna mtu ananiibia, na nimeshamjua."

Nilipofika nikamsalimia, shikamoo, marahaba, akanisukumia simu. Log, yaani kumbukumbu ambazo vifaa vinajiandikia vyenyewe, zilikuwa zinamwagika kama mvua juu ya bati. Karibu zote zinasema kitu kimoja: access point imepokea, kupitia virtual interface, packet (kifurushi cha data) ambayo anwani ya mtumaji ni yake yenyewe.

Mzee alishika neno "virtual". Mpwa wake alimwambia hiyo ni njia ya siri, mtu kaifungua awauzie majirani internet. Na pale lodge, ukimtoa mzee, mwenye password ya hiyo app alikuwa mmoja tu: Mwajuma, dada wa mapokezi.

Funguo za kaunta alishanyang'anywa. Mzee alikuwa ananisubiri mimi niseme "ndiyo" ili amfukuze.

Nikamkuta Mwajuma amekaa kwenye benchi nje ya jiko, begi liko miguuni.

"Kaka yangu, mimi hiyo virtual hata sijui inafananaje," akaniambia. "Nimeshampigia mama yangu kule Mpwapwa, nimemwambia narudi."

Niliumia, sitaki kuwadanganya. Nikajua nikiropoka hapa, dada wa watu anaondoka na jina la wizi.

Kwa wasiojua: virtual interface si wizi. Ni mlango ambao access point inajitengenezea yenyewe kwa programu. Ukirusha majina matatu ya Wi-Fi, inafungua milango mitatu. Ukiwasha mesh, yaani access point ziongee zenyewe kwa hewa bila waya, inafungua mwingine.

Tatizo linakuja pale access point ina waya NA mesh imewashwa. Kama swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya zote, haijazuia, packet inatoka kwa waya, inazunguka, inarudi kwa hewa. Access point inaona kitu chake kinairudia, inapiga kelele kwenye log. Wakati huo network nzima inazunguka bure na wageni wanatukana.

Sasa swali langu likawa moja. Mesh nani kawasha? Mimi niliizima siku nafunga.

Nikafungua orodha ya vifaa. Korido ya Mbele, Korido ya Nyuma, Mgahawa... na moja inaitwa TURUBAI.

"Mzee, hii Turubai ni ipi?"

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Kumbe wakuu, kulikuwa na send-off ya binti yake pale uwanjani. Kaka wa bibi harusi yuko ng'ambo, alitaka aione live. Mzee mwenyewe akachomoa access point ya korido ya kati, akaitundika kwenye nguzo ya turubai, akawasha mesh kwenye app na kuibadilisha jina. Ilifanya kazi vizuri kweli. Sherehe ilipoisha akairudisha ukutani, akachomeka waya wake, akaenda kulala. Mesh akaisahau.

Nikaizima pale pale mbele yake. Log zikanyamaza. Mgeni mmoja akapita korido anasema, "Afadhali, imerudi!"

Nilishusha pumzi mpaka mzee akanitazama.

Nilidhani ataishia kunishukuru kimya kimya, mnawajua wazee wetu. Hapana. Alitoka mpaka jikoni, wapishi wote wapo, akampa Mwajuma funguo kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mwizi hayupo. Ni mimi niliyeharibu. Nisamehe."

Mwajuma akaanza kulia. Mzee akasema, "Mpigie mama yako, nipe niongee naye mwenyewe."

Na akaongea. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Mama Mwajuma, binti yako hajaiba kitu. Harudi huko, ana kazi hapa."

Nilichojifunza: access point yenye waya izimwe mesh, na kabla hujamtaja mtu kwa sababu ya log, uliza kwanza nani aligusa nini. Na kila mtu awe na akaunti yake. Ya Mwajuma nilimtengenezea siku hiyo hiyo.

Haya, mafundi wenzangu, uwanja ni wenu. Nirekebisheni nilipokosea, na kama kuna aliyewahi kuona mtu anasingiziwa kwa sababu ya mstari mmoja wa log, atuambie iliishaje.