Daktari aliomba picha zangu za zamani, nikampa zile za editing

Wakuu, sasa. Hii nimeiandika na kuifuta mara nne tangu Jumapili. Yote yaliyomo yalitokea, hata pale ambapo ningependa kujipunguzia makosa.

Mimi ni msichana, nimemaliza campus, naishi bedsitter hapa Ruiru nikitafuta kazi. Mum yuko Thika, mtaa wa Landless, anauza mboga.

Jicho langu la kushoto lilianza kusukumwa nje nikiwa third year. Si sana. Kope la juu lilivimba upande wa nje, na jicho likashuka kidogo. Halikuuma.

Mum alikuwa akisema twende hospitali. Mimi nilikuwa najibu kwamba ni usingizi.

Badala yake nilijifunza kusimama kando kwenye picha, nywele zikiangukia upande ule. Graduation ilipofika nikamwomba mpiga picha asawazishe macho. Alifanya kazi safi, nikampa na picha zangu zote za nyuma azisawazishe pia. Kisha nikafuta originals, kwa sababu niliwaza siku moja nitapoteza simu na mtu atazipata. Ndivyo kichwa changu hufanya kazi.

Miezi saba baadaye nikaanza kuona vitu viwili viwili nikiangalia juu. Mum akanipeleka kwa daktari wa macho Thika. CT scan ikaonyesha uvimbe ndani ya tundu la jicho, kwenye tezi ya machozi.

Daktari, mama mmoja mpole anayeongea polepole, akauliza ulianza lini.

Mum akajibu kabla yangu. "Ni kitambo, daktari. Miaka miwili na kitu. Huyu nimemwambia mpaka nikachoka."

Daktari akasema ana haja ya picha za zamani, aone uvimbe umekua kwa kasi gani.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Lakini niliwaza: akijua nimelipa mtu anirekebishe uso, atanionaje? Ataandika kwa file? Nikafungua simu nikampa ile ya graduation. Macho sawa kabisa.

"Hapa hakuna kitu," akasema.

"Mum amesahau," nikasema. "Anachanganya na allergy niliyokuwa nayo."

Sijawahi kuwa na allergy. Niliiunda hapo hapo kwa kiti.

Mum aliniangalia, akaangalia ile picha, akasema, "Labda ni mimi."

Daktari akaandika miezi saba, yaani ulianza baada ya graduation.

Kilichofuata ni hiki. Uvimbe uliokua haraka hivyo unaweza kuwa saratani, kwa hivyo ilibidi wakate kipande kwanza kipelekwe maabara. Wiki tatu tukingoja siku ya kukatwa hicho kipande, mum hakufungua biashara. Wamama wa kanisa walikuja kuomba, mmoja akanishika kichwa akilia. Mimi nilikuwa nasema amina.

Siku ya kusaini consent form, ile ya kukubali nikatwe kipande, tulienda na mum. Daktari akaeleza, mimi nikauliza maswali yangu kama kawaida, karibu ishirini. La mwisho niliuliza kama mchezo, au nilijidanganya hivyo.

"Na kama ungekuwa wa kitambo?"

"Hapo singekata kipande," akasema. "Uvimbe wa tezi hii ukikaa zaidi ya mwaka bila uchungu, mara nyingi si saratani. Lakini lazima utoke mzima na ganda lake. Tunapitia mkato mdogo kwenye mkunjo wa kope, hata kovu halionekani. Ukiutoboa, chembe zinabaki. Unaweza kurudi baada ya miaka, na siku hiyo uwe mbaya kweli."

Nilikuwa nimeshaandika jina. Ilibaki tarehe.

Wakuu, hii ndiyo sehemu ninayoionea aibu zaidi. Hata baada ya kusikia hayo sikusema mara moja. Nilikaa nikipima kipi kibaya zaidi, jicho langu ama huyu daktari kujua mimi ni mwongo. Kwangu ilikuwa hesabu ngumu.

"Una swali lingine?" akauliza.

"Zile picha zimefanyiwa editing."

"Zote?"

"Zote."

"Originals ziko wapi?"

"Nilifuta."

Hakunigombeza. Alivuta ile form upande wake, akamgeukia mum.

Mum akasema, "Sasa naweza kujibu, ama bado nimesahau?"

Daktari alicheka. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Mum akatoa simu yake, akatafuta kidogo, akampa. Ilikuwa picha ya ruracio, sherehe ya mahari, ya cousin yangu kule Murera, zaidi ya miaka miwili nyuma. Nimebeba sahani, nimepigwa kutoka mbele bila kujua. Jicho linaonekana wazi, limeshuka.

Mpango ukabadilika siku hiyo. Uvimbe ulitoka mzima. Maabara wakasema si saratani, ila nitafuatiliwa kwa miaka. Ule ugonjwa wa kuona viwili viwili umeanza kuisha.

Siku ile ya form, tukiwa kwa corridor, nilimuuliza mum kwa nini hakutoa hiyo picha siku ya kwanza.

"Nilikuwa nimeshika simu," akasema. "Lakini ulikuwa umeshasema, Shiru. Ningekuanika mbele ya daktari? Na nikafikiria labda ile mashine ya scan imeona kitu mimi sioni."

Kwa hivyo mum alikubali aonekane amesahau ili mimi nisiaibike, na akaamini mtoto wake ana saratani wiki tatu nzima, kwa sababu ya uongo wangu.

Nilichojifunza si kikubwa. Mpe daktari uso wako ulivyo. Na ukienda na mtu ambaye amekuona kila siku tangu uzaliwe, mwache aongee.

Lakini sijaandika hapa kwa sababu ya daktari. Mpaka leo sijamwomba mum msamaha. Kila nikianza, ananikatiza na kuniuliza kama nimeweka dawa ya jicho, nami nasema ndiyo, na tunaishia hapo. Nadhani anajua ninachotaka kusema na ananisaidia kukikwepa.

Kesho naenda Landless. Mliowahi kumdharau mzazi mbele ya watu, mlianza na neno gani? Nisaidieni, na tafadhali msiniambie nimtumie message.